Saa 24 kwa wiki: Kanada inataka mwanafunzi au mbeba boksi?

Mpwa wangu anayesoma karibu na Toronto ana kidaftari cha kuandikia masaa yake ya kazi. Jumamosi masaa nane, Jumapili masaa nane, Jumatano jioni manne. Manne yaliyobaki anayatunza kama akiba, maana meneja anaweza kupiga simu ghafla kwamba kuna mtu hajatokea ghalani. Wiki ikivuka 24, hata kwa nusu saa, amevunja masharti ya kibali chake cha masomo.

Kikomo hicho kimepanda na kushuka kama bei ya nyanya. Kwa miaka kilikuwa saa 20. Tarehe 15 Novemba 2022, waajiri wakilia kwamba hawapati watu baada ya Uviko, serikali ilikiondoa kwa muda. Ruhusa ikaisha 30 Aprili 2024, watu wakarudi kwenye 20. Tangu 8 Novemba 2024 ni 24. Kazi za ndani ya chuo hazimo kwenye hesabu hiyo, na likizo zilizo kwenye ratiba ya chuo hazina kikomo.

Marc Miller, aliyekuwa waziri wa uhamiaji wakati huo, alisema wazi kwamba mpango huu ni wa kusoma, si wa kufanya kazi. Wizara yake ilitaja tafiti zinazoonyesha kwamba mwanafunzi akizidisha saa 28 kwa wiki, matokeo yake darasani yanaporomoka. Saa 24 ni shifti tatu kamili, kwa hiyo hesabu haikutoka hewani.

Hoja hii ina uzito kuliko tunavyopenda kukiri. Kipindi kile cha masaa huru, kibali cha masomo kiligeuka mlango wa nyuma wa soko la ajira. Vyuo navyo vilifaidi. Ontario, jimbo lenye Toronto, ilipunguza ada za wenyeji kwa asilimia 10 mwaka 2019 kisha ikazigandisha, na pengo likazibwa na wageni wanaolipa mara kadhaa zaidi. Kufikia mwisho wa 2023 nchi nzima ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja wenye vibali vya masomo, na Januari 2024 serikali ikatangaza ukomo wa vibali vipya. Huku kwetu wakala alikuwa na wimbo mmoja tu: lipa muhula wa kwanza, ukifika utabeba boksi, utajisomesha mwenyewe. Wazazi waliuza viwanja kwa wimbo huo.

Sasa tupige hesabu. Tangu 1 Septemba 2025, mwombaji asiyeandamana na familia anayekwenda nje ya jimbo la Quebec lazima aonyeshe dola 22,895 za Kanada za kujikimu kwa mwaka, mbali na ada na nauli. Hadi mwisho wa 2023 zilitakiwa 10,000 tu. Kiwango kipya ni kama dola 1,900 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara Ontario kilipanda Oktoba 2025 hadi 17.60 kwa saa, kwa hiyo saa 24 zinaleta 422.40 kwa wiki, wastani wa 1,830 kwa mwezi kabla ya makato. Yaani mtu akifanya kazi kila saa aliyoruhusiwa, bado hafikii kile ambacho serikali yenyewe inakiita gharama ya kuishi. Ada hajaigusa.

Serikali kule Ottawa watajibu kwamba ndiyo maana yake: njoo na pesa. Ni haki yao. Ila pesa inayoonekana kwenye taarifa ya benki ya mtoto wa Mbagala au Eldoret mara nyingi ni mchango wa ukoo, au mkopo uliokaa kwenye akaunti hadi viza itoke, kisha ukarudi kwa mwenyewe. Karatasi inasema anazo. Friji inasema hana.

Mimi sina ugomvi na 24. Kinachonikera ni adhabu inakoangukia. Mwaka 2017 mwanafunzi kutoka India alikamatwa akiendesha lori kati ya Montreal na Toronto, akiwa amebakiza siku chache kumaliza diploma ya uhandisi mitambo. Kosa lake lilikuwa kuzidisha masaa, na 2019 ilimbidi aondoke nchini. Mwajiri anayemlipa mwanafunzi kwa bahasha, chini ya kima cha chini, anajua kabisa kwamba huyo hawezi kwenda kumshtaki, kwa sababu akifungua mdomo anajishtaki mwenyewe. Wafanyakazi wa kigeni waliofungwa kwa mwajiri mmoja wamewekewa kibali maalumu cha kuwanusuru wakinyanyaswa. Mwanafunzi hakuwekwa humo. Ningekuwa na kura kule, ningeacha kikomo kilivyo na kumpa kinga anayeripoti bahasha, hata kama masaa yake yamezidi.

Wiki iliyopita mpwa aliombwa shifti ya ziada, ya bahasha. Alikataa, akaniambia kodi ya mwezi huu atachelewa. Ameomba kazi kwenye maktaba ya chuo, ile isiyohesabiwa. Wamemwambia jina lake limeandikwa, asubiri, mbele yake wapo wengi.