Senti 50 za boga

Jana nimeendesha baiskeli kilomita sita kwenda kulipa senti 50. Huku Ujerumani, vuli ikifika, wakulima hupanga maboga kando ya barabara, wanaweka kibao cha bei na kopo lenye tundu la kupitishia pesa, kisha wanaondoka zao. Hakuna muuzaji, hakuna kamera. Boga lilikuwa yuro 4, mimi nilikuwa na tatu na nusu. Nikalichukua. Siku mbili zile senti zikanikera kama mchanga jichoni. Nilipozidumbukiza zikalia ndani ya kopo, na hakuna aliyesikia ila mimi.

Najua mtakachosema: huyu kakaa Ulaya miaka saba, sasa sote anatuona wezi. Sivyo, ndugu zangu. Pesa ya viza yangu ilitoka kwenye mchezo wa mama, Tanga. Akina mama 12, kila Ijumaa elfu ishirini, kijumbe na daftari lake la shule, hakuna mkataba. Walimpisha mama apokee wa kwanza kwa ajili yangu, wengine wakangoja zamu zao, na wa mwisho alilipwa. Jirani yangu wa hapa, mtu mwema kabisa, nilipomsimulia alishindwa kuelewa.

Kinachoniuma ni kwamba imani yetu inataka jina na sura. Mtu tusiyemjua tunamchukulia kama adui. Gari likiwa gereji unashinda umekaa pembeni ya fundi. Shangazi yangu kaandika ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Nyumba yake mwenyewe, anaishi humo!

Halafu wako wenzangu wa huku wanaosema tumeumbwa hivyo. Hao ndio wananikasirisha zaidi. Wachumi nao wana mchezo wao. Mwaka 1995 Berg, Dickhaut na McCabe, Wamarekani, walimpa mtu dola 10, akitaka ampelekee mwingine asiyemjua. Kinachopelekwa kinazidishwa mara tatu, na mpokeaji anaamua mwenyewe arudishe nini. Watu 30 kati ya 32 walipeleka kitu, wastani dola 5 na ushei. Kilichorudi, kwa wastani, kilikuwa pungufu kidogo ya kilichopelekwa. Kwa hiyo hata kwao, kumwamini mgeni hakukulipa.

Sasa njooni Tana, Kenya. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger aliwachezesha Waorma, wafugaji wa huko, mchezo wa kuchangia: kila mtu anatoa kwa siri, jumla inazidishwa mara mbili, wanagawana sawa hata asiyetoa. Waorma wakasema, hii si harambee? Wakatoa wastani wa asilimia 58 ya walichopewa, na robo yao wakatoa chote. Kwa siri! Nani alikuwa anawaona?

Basi msiniambie habari za damu. Yule mkulima anathubutu kuacha maboga barabarani kwa sababu shamba lake limeandikwa kwenye daftari moja la ardhi, na hakuna wa kuliuza yeye akiwa amelala. Kikubwa kiko salama, kidogo anaweza kukihatarisha. Shangazi ana hati, ana risiti, ana mashahidi, na kila masika yakiisha ananunua kopo la rangi, anapanda kwenye stuli, anayaandika upya yale maneno.