Kabla hujasema "sina swali"

Wasaili watatu nyuma ya meza, chupa ya maji ambayo sikuthubutu kuifungua, na feni inayolia kila ikigeukia upande wangu. Nilikuwa nimejibu yote vizuri. Hata lile la "umeolewa?" nililijibu, tena kwa tabasamu, kama niliyeulizwa habari za asubuhi. Mwisho mzee wa katikati akasema, "Haya binti, na wewe una swali lolote?" Nikasema sina. Nikashukuru, nikatoka, nikapanda bajaji kurudi Mwanga, mtaa wetu hapa Kigoma mjini, nikijiona nimeshafaulu.

Kazi niliipata: afisa mikopo. Tangazo lilisema Kigoma, nami nikaelewa Kigoma mjini. Kumbe ni Kigoma mkoa. Wiki ya pili nikakabidhiwa vikundi vya Kazuramimba na Uvinza, marejesho yanakusanywa jioni akina mama wakishatoka shambani, na usafiri ni bodaboda ya kujitafutia. Saa mbili usiku, pesa za watu zimo kwenye mkoba, nimekaa nyuma ya dereva nisiyemjua hata jina. Nilivumilia miezi saba. Ningeuliza tu kituo changu ni wapi na jioni nitarudije, nisingefika huko.

Mama yangu mdogo hununua dagaa mwaloni Kibirizi. Gunia haliangalii juu. Anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, anatoa konzi ya chini kabisa, anaisugua kiganjani aone kama kuna mchanga. Muuzaji hakasiriki, mwenye dagaa waliokaushwa juu ya chanja, si mchangani, ndiyo kwanza humwambia azamishe tena. Sisi wenye vyeti tunaona haya kuuliza, eti tutaonekana wajuaji.

Wasichana wanaotafuta kazi huambiwa wasiguse kabisa habari za uzazi kwenye usaili, watajikosesha kazi. Woga huo naujua, lakini ushauri siukubali. Ila usiulize kama wanatoa likizo ya uzazi. Hilo si hisani yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilishaweka siku 84 zenye malipo, siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na ukirudi kazini una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ukiuliza hivyo, msaili atakujibu "ndiyo, tunafuata sheria", nawe utatoka hujui kitu. Uliza kilichotokea: mara ya mwisho mwenzetu alipokwenda likizo ya uzazi, kazi zake alizishika nani? Na aliporudi, alikikuta kiti chake?

Nililiuliza hilo kwenye usaili wangu wa tatu, ofisi nyingine, hapa hapa mjini. Wakatazamana. Dada wa rasilimali watu akaanza kupanga makaratasi ambayo tayari yalikuwa yamepangika. Bosi akacheka, akasema kwao hakuna aliyewahi kwenda. Nikauliza wana muda gani tangu waanze kuajiri wanawake. Miaka 11.

Sasa lile la "umeolewa?" na ndugu yake, "unategemea kuzaa lini?" Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ndoa au ujauzito, na hapo inamlinda hata mwombaji kazi. Lakini kumsomea mtu vifungu mezani kwake sishauri. Utashinda hoja, kazi uikose. Siku hizi namrudishia kwa adabu: "Samahani mzee, kazi hii ina safari au zamu za usiku? Nieleze nijue kama naiweza." Mara nyingi wasiwasi wake ulikuwa huohuo, na sasa anayejieleza ni yeye. Akisema zamu zipo, uliza na nyongeza yake: kwa kila saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, sheria imeweka angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo.

Mshahara uliza bila kuumauma maneno, na uliza kama ni kabla au baada ya makato. Wanaoitwa kwenye mashirika ya kambi za wakimbizi waongeze moja: mradi huu pesa zake zinaisha lini? Kisha kituo cha kazi, saa za kazi na malipo viwe kwenye maandishi. Kuviandika ni wajibu wa mwajiri.

Na mnaotaka kunicheka nichekeni: kabla hujaondoka, omba kwenda chooni. Angalia kama kuna maji, kama mlango unafunga, kama kuna ndoo yenye mfuniko. Ile ofisi ya miaka 11 ilikuwa na choo kimoja, na ufunguo alikaa nao bosi.