Kabla hujafunga bloku ya 150 kwenye pikipiki yako ya kichina

Jumapili iliyopita kijiweni Mwanjelwa, hapa Mbeya, kaja dogo mmoja na seti ya bloku (silinda inamopanda na kushuka pistoni) na pistoni ya cc 150 kaifunga kwenye gazeti, anataka aipachike kwenye pikipiki yake ya 125, na kila mtu anamsifia eti sasa itakuwa moto. Mi nikamuuliza kitu kimoja tu, tapeti, yaani ule mwanya wa valvu, mara ya mwisho umeseti lini? Akanicheki kama vile nimemtukana.

Sio kwamba najifanya mjuaji, hilo kosa la kufunga 150 nimeshalifanya na limeniuma mfukoni. Hizi pikipiki zetu za kichina nyingi injini yake ni uzao wa ile CG125 waliyoitoa Honda 1976, pistoni ya milimita 56.5, valvu zinasukumwa na vijiti vinaitwa pushi rodi badala ya cheni ya taimingi, ndo maana zinavumilia shida zetu zote. Bloku ya 150 tundu lake ni milimita 62, stroku (urefu pistoni inaosafiri) inabaki ile ile ya 49.5, ukipiga hesabu unapata cc 149 na kitu, yaani ongezeko la kama asilimia 20. Kwenye karatasi tamu sana. Ila kabureta ni ile ile, valvu zile zile, klachi pleti zile zile, na ukiacha kichwa cha silinda cha 125 kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inapanda mpaka petroli inaanza kulipuka vibaya na kugonga ukiwa mlimani. Halafu mara nyingi bloku yenyewe haikai mpaka mdomo wa kreki kesi, lile boksi la chini la injini, uchongwe, hapo ndo fundi anachomoa tupa na vumbi la alumini linaingia humo humo inapokaa oili, na wewe umesimama pembeni unakunywa soda unaona kazi inaenda.

Yangu ilikimbia wiki tatu. Ya nne napandisha kwenda Chunya, maeneo ya Kawetere, ikaanza tiki tiki tiki, nikasimama, injini imechemka hadi inanuka, kiki imegoma kabisa kushuka. Bahati kurudi Mbeya ni mteremko, nikaweka fri nikaserereka nayo hadi mjini.

Sasa hivi nikiwa na hela ya kuchezea naanza na nguvu ambayo injini ilikuwa nayo ikapotea. Pima kwanza kompresheni, hata geji huhitaji. Fungua plagi, mimina oili kijiko kimoja kwenye lile tundu, rudisha plagi, sukuma kiki taratibu kwa mkono. Ikiwa nzito kuliko ilivyokuwa kabla ya oili, ringi za pistoni zimekwisha. Ikibaki laini vile vile basi mara nyingi valvu ndo zinavujisha, na hapo anza na tapeti maana ni bure. Kwenye injini hizi nafasi inatakiwa kama milimita 0.08 ikiwa ya baridi, wembe wa kawaida una kama 0.1 kwa hiyo mafundi wanaotumia wembe hawajakosea sana, ukipita kwa kubana kidogo sana uko vizuri. Wengi tunazibana ili zisipige kelele, tunaona tumetengeneza, kumbe ikipata moto valvu haifungi hadi mwisho na inaungua polepole. Tapeti inayolia kidogo mi siiogopi, naogopa iliyonyamaza.

Halafu sisi wa huku juu tuna jambo letu. Mbeya tuko mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa kwa mtu wa Dar huku inakula mafuta mengi kuliko hewa inayopata. Chomoa plagi uiangalie, ikiwa nyeusi tii kama chungu ujue ndo hiyo. Pandisha klipu ya sindano ya kabureta ngazi moja, sindano inashuka, mafuta yanapungua, au weka jeti (kile kitundu cha kupitisha mafuta) ndogo zaidi. Usishushe hadi plagi iwe nyeupe, hapo unachoma pistoni. Na hewa iliyopungua hairudi hata ufanyeje, wa Dar atabaki kukuzidi, kubali tu.

Kitu pekee nilichonunua nikasikia tofauti siku hiyo hiyo ni spoketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalozungusha cheni, kwa hela ya chips mayai mbili na soda. Nilikuwa na meno 14 mbele na 42 nyuma, tairi inazunguka mara moja kwa kila mizunguko 3 ya spoketi ya mbele, nikaweka 13 ikawa 3.23. Mlima niliokuwa naupanda kwa gia ya pili na abiria sasa napanda kwa ya tatu. Ila barabara kuu ya Tunduma kwenye tambarare ni mateso, injini inapiga kelele na malori yanakupita, kwa hiyo kama kazi yako ni ya lami ndefu usiniige, wewe weka 15.

Ekzosi ya kutoboa? Kelele tu, na majirani watakuchukia. Plagi za bei mbaya nazo sijaona cha maana.

Yule dogo tulisubiri injini yake ipoe tukafungua tapeti pale pale kijiweni. Ya valvu ya ekzosi wembe haukuingia kabisa. Tukaseti, akazunguka nayo hadi Kabwe, karudi anacheka. Seti ya bloku bado iko kwenye gazeti, anatafuta mteja.