Miti ya barabara ya chuo: kukata safu nzima au kuziba mapengo?

Miti iliyopandwa kwa pamoja kandokando ya barabara ya kampasi huzeeka kwa pamoja. Matawi yakianza kudondoka, wasimamizi wa majengo hutaka safu nzima ikatwe ipandwe upya. Wahifadhi nao hutaka mti ukifa, upandwe mwingine palepale.

Kuziba mapengo kunaonekana kuiheshimu historia, ila mwanga hautoshi. Mche uliobanwa kati ya miti mikubwa hujipinda kuelekea barabarani kutafuta jua, na mizizi ya majirani huunyang'anya maji. Miaka 20 baadaye safu ina vimo vitatu vinne, na ule mstari ulionyooka, ambao kwangu ndio urithi wenyewe, umepotea. Hata Mkataba wa Florence wa 1981 kuhusu bustani za kihistoria unakubali kwamba mimea hufa na hufanywa upya.

Kukata yote na kurudisha aina moja tu nako ni hatari. Ugonjwa wa miti ya elmu ulipobainika Marekani mwaka 1930, safu za elmu tupu ndizo zilizokuja kuumia zaidi: kuvu wake hubebwa na mbawakawa, kisha hupita ardhini kwenye mizizi iliyoungana, toka mti hadi jirani yake. Afadhali kukata kwa vipande, njiapanda hadi njiapanda, nafasi za miti zikibaki zilezile za ramani ya zamani. Aina ibadilike, mradi umbo lifanane.

Lakini kabla ya kuusingizia mti uzee, uliza mtaro wa kebo ulichimbwa lini. Mizizi mingi imo kwenye sentimita 60 za juu. Kiwango cha Uingereza, BS 5837, ni hiki: pima kipenyo cha shina mita 1.5 kutoka ardhini, zidisha kwa 12. Huo ndio umbali wa kulinda kila upande. Shina la sentimita 80 linadai mita 9.6. Humo mashine isichimbe. Udongo utolewe kwa mkono au kwa hewa ya shinikizo, kebo ipite chini ya mizizi. Mti uliokatwa mizizi unaweza kusimama miaka kadhaa kabla ya kilele kukauka, na kufikia hapo mkandarasi ameshalipwa.

Mawe ya njia yaliyoinuliwa na mizizi yapewe namba kwa chaki, yang'olewe, yapangwe tena juu ya mchanga. Yakilazwa kwenye zege, mvua haifiki kwenye mizizi, na fundi atakayefuata atayavunja akiyang'oa.