Belmont na farasi wa odi 1.30: uweke au upite?

Kila ikifika Juni, wakati wa Belmont, mbio ya mwisho kati ya zile tatu kubwa za farasi Marekani, na kukawa na farasi aliyeshinda mbili za kwanza, Kentucky Derby na Preakness, watu wanaanza, huyu ni banka, weka mzigo kalale. Tulipime hili swala vizuri jamani, maana hela za watu zinaingia humo na wengi hawajui hata hiyo odi inatokea wapi.

Mbio za farasi za Marekani si kama mpira ambapo kampuni inakupangia odi. Hela za wote waliobeti mshindi zinaingia kwenye chungu kimoja, wenye uwanja wanakata chao (New York ni kama asilimia 16), kinachobaki wanagawana waliopatia. Yaani unacheza na wabetiji wenzako, na odi inapanda na kushuka mpaka mageti yafunguke. Farasi akipendwa na kila mtu, hata akishinda mnagawana kidogo.

Sasa mwangalie farasi Big Brown, 2008. Derby kaanzia geti la 20, la nje kabisa, na bado kashinda, Preakness kashinda kwa odi ya 1.20 (dola 1 inarudi 1.20). Belmont akaingia na odi ya 1.30, na mkufunzi wake Rick Dutrow alikuwa anaongea kama vile kombe liko kabatini tayari. Lakini ukwato wa mguu wa mbele kushoto ulikuwa na ufa, alikosa siku kadhaa za mazoezi, na habari hiyo ilikuwa magazetini, haikufichwa. Siku yenyewe joto kali, mbio zinaanza farasi anavuta vuta, joki (anayempanda) hamuwezi vizuri, wanaingia kona ya mwisho pale ambapo ulitegemea awashe moto, hakuna kitu. Nimeirudia ile video mara nyingi, unamuona joki wake Kent Desormeaux anaacha kumsukuma, ananyanyuka kwenye tandiko na kumpunguza mwendo, farasi anamaliza wa mwisho. Aliyeshinda ni Da' Tara, odi ya 38 kwa 1 (faida ya dola 38 kwa kila dola 1), kaongoza mwanzo mwisho. Tiketi ya dola 2 ililipa dola 79.

Na si yeye peke yake. Kuanzia 1979 mpaka 2014 farasi 12 waliingia Belmont wakiwa wameshinda zile mbili za kwanza, na wote 12 walipigwa. Spectacular Bid 1979 na Smarty Jones 2004 nao walikuwa kwenye hiyo hiyo 1.30 hivi. Sababu inaeleweka, zilikuwa mbio tatu ndani ya wiki tano halafu ya mwisho ndio ilikuwa ndefu kuliko zote, maili moja na nusu, umbali ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kukimbia, na wanakutana na farasi waliopumzishwa makusudi. Birdstone aliyemtoa Smarty Jones aliiruka Preakness. Tonalist aliyemtoa California Chrome 2014 hakukimbia Derby wala Preakness.

Ila upande wa pili nao una hoja nzito na sitaki kuupita juu juu. Anayebeti farasi wa odi kubwa kubwa kila siku anapoteza zaidi kwa kila dola kuliko anayebeti wa odi ndogo, hili limechunguzwa miaka mingi. Kumkataa farasi kwa sababu tu anapendwa ni kosa lile lile limegeuzwa. Secretariat 1973 alikuwa 1.10, aliyemkataa siku hiyo alimuona anashinda kwa urefu wa farasi 31. Na hao 12 ni wachache kufanya sheria, kila mmoja alikuwa na lake.

Lakini kwenye hiyo hiyo ya Secretariat kuna kitu watu hawakiangalii. Tiketi zaidi ya 5,000 za ushindi wake hazikwenda kudai hela, watu waliziweka ndani kama kumbukumbu. Sasa fikiria, hiyo ni hela ambayo haijali bei kabisa, imeingia kwenye chungu kwa mapenzi, na inamkandamiza odi farasi huyo huyo unayetaka kumbeti wewe. Ndio maana nasema Belmont ya namna hii 1.30 haikuambii nafasi yake halisi. Kwa 1.30 inabidi ashinde mara 77 kati ya 100 ili mtu urudishe tu hela yako. Farasi mwenye ufa kwenye ukwato na mazoezi pungufu, kwenye umbali mpya, mara 77? Mimi sikubali.

Ubaya zaidi ni wale wanaosema basi namuweka tu aingie tatu bora. Bei ya chini huko mara nyingi ni dola 2 irudi 2.10. Unahatarisha 100 upate 5, na Big Brown hakuingia hata hiyo tatu bora.

American Pharoah 2015 alikuwa kesi nyingine. Watu walishachomwa miaka 37, wakaogopa, akalipa dola 3.50 kwa tiketi ya 2, yaani odi ya 1.75. Hapo unahitaji 57 tu kati ya 100, kwa farasi mzima aliyetoka kushinda Preakness kwenye tope kwa urefu wa farasi saba. Hiyo ningeweka bila kusita. Akishuka 1.30 dakika ya mwisho hela inabaki mfukoni, naangalia mbio bila tiketi.