Ualbino si ngozi peke yake

Kila Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, inapokaribia, mazungumzo yetu kuhusu ualbino hapa Tanzania huwa ni yale yale: mafuta ya kujikinga na jua, kofia pana, na ulinzi dhidi ya wauaji. Yote ni ya lazima, na wanaotengeneza mafuta ya Kilisun pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanastahili shukrani zetu. Lakini kinachomkwamisha mtoto mwenye ualbino darasani kila siku ni macho, na macho tunayapita harakaharaka.

Jicho linapojengeka mtoto akiwa tumboni, melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, nywele na macho, inahitajika ili sehemu ya kati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikue sawasawa na mishipa ya fahamu ya macho ishike njia yake kwenda kwenye ubongo. Melanini ikipungua, kama ilivyo kwenye ualbino, mtoto huzaliwa na uoni hafifu, macho yanachezacheza, na mwanga unamuumiza. Miwani humsaidia, ila haiwezi kumaliza tatizo. Hata hivyo, kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa: kwa kawaida uoni huo hauendi ukififia mwaka hadi mwaka. Mtoto haelekei kupofuka.

Ndiyo maana naumia nikisikia mtoto anayeweza kusoma maandishi ya kawaida anafundishwa nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, kwa sababu tu amepelekwa shule ya wasioona. Nukta nundu ni haki ya anayeihitaji. Huyu alihitaji kupimwa macho, apewe lenzi ya kukuzia, akae mbele mbali na dirisha lenye jua, aruhusiwe kuusogelea ubao bila kuzomewa, na mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika.

Utafiti nao una deni kwetu. Mwaka 1994 watafiti walionyesha kuwa ualbino wa Waafrika wengi unatokana na kipande kile kile kilichokatika katika jeni ya OCA2, na kwamba asili yake ni Afrika. Jeni hiyo mtoto huirithi kwa baba na mama, wote wawili. Wakiwa wabebaji, yaani wana jeni hiyo bila wao kuwa na ualbino, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mwenye ualbino. Miaka zaidi ya 30 baadaye bado wapo wanaume wanaomkimbia mke wodini wakisema mtoto si wao! Hapo ndipo jamii inapohitajika kuliko maabara: mama aliyeyapitia amkalishe mama mwenzake na kumweleza. Chama cha Watu Wenye Ualbino, TAS, kipo tangu 1978, na wanachama wake wanaijua kazi hii.

Inakadiriwa kuwa Tanzania mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino. Ulaya na Marekani Kaskazini ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Basi utafiti wa macho haya ufanyike hapa, kwa madaktari wetu na kwa watoto wetu kunufaika kwanza. Wakati tunausubiri, kila halmashauri inayotenga fedha za mafuta itenge pia za kupima macho ya watoto hawa kabla hawajaanza darasa la kwanza.