Kupima uoni wa kichanga aliyelala: matokeo yake yaaminiwe kiasi gani?

Mtoto mchanga hulala takriban saa 16 kwa siku, na hata akiwa macho hatulii muda mrefu kabla hajadai ziwa. Ndiyo maana wengi wanaopima jinsi ubongo wake unavyopokea mwanga humsubiri alale. Humbandika elektrodi, yaani vipande vidogo vinavyonasa umeme wa ubongo, kisogoni, lilipo eneo la ubongo linaloshughulikia kuona, kisha humulika kwa taa ya kumwekamweka. Kope za kichanga ni nyembamba. Mwanga hupenya, na ubongo huitika.

Kwa mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, kipimo hiki kina thamani kubwa. Mwitikio ukiendelea kukosekana kwa siku kadhaa, ni dalili mbaya, na daktari hawezi kukaa akingoja mgonjwa achangamke.

Tatizo ni kwamba usingizi wa kichanga si wa aina moja. Karibu nusu yake ni wa kuchezacheza: macho yanazunguka chini ya kope, pumzi zinakwenda ovyo, uso unakunjuka na kukunjamana. Mwingine ni mtulivu, mawimbi ya ubongo yakipanda na kushuka kwa zamu. Mwanga uleule unaweza kuleta mwitikio wenye umbo na ukubwa tofauti, kutegemea umemkuta katika usingizi upi.

Mwaka 1998 watafiti wa Denmark waliripoti kuwa kwa watoto wadogo waliolala au kupewa dawa ya usingizi, walipomulikwa, mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo kwa sumaku, ilionyesha ishara inayotegemea oksijeni ya damu ikishuka katika eneo la kuona, kinyume na watu wazima. Mwaka huohuo, London, vichanga walio macho walipimwa kwa miali iliyo karibu na infraredi, ambayo jicho haliioni, na damu ikaonekana kuongezeka eneo hilohilo. Kuubebesha usingizi peke yake tofauti hiyo ni haraka mno, maana vifaa havikuwa vimoja wala umri haukulingana.

Basi wapimwe wakiwa macho tu? Hapo utabaki na watoto wapole, wanaolia wakiachwa nje ya hesabu, nao huenda ndio wenye shida. Lakini taa ya kumwekamweka huthibitisha tu kwamba mwanga umefika. Kujua kama mtoto anatofautisha miraba myeusi na myeupe, sharti afumbue macho na kutazama.

Kwa kutafuta majeraha ya ubongo, mimi naukubali usingizi. Ila ripoti inayosema “alikuwa amelala” bila kutaja usingizi gani, tena mwitikio wenyewe ni hafifu, ningeirudisha mtoto apimwe upya.